Huhitaji kujua aljebra: niliyowaambia wazazi wa Fort Worth kuhusu kusomeshea watoto wakubwa nyumbani

Shikamooni wakubwa zangu, na wengine wote habari za jioni. Asanteni kwa kuja maana najua wengine mmetoka shifti sasa hivi na wengine mnaingia saa nne usiku, kwa hiyo sitazunguka sana.

Nimeombwa niongee na wazazi wenye mtoto wa miaka 12, 14, 16, ambao wanafikiria kumtoa shule wamsomeshee nyumbani ila wanaogopa. Wenye watoto wadogo leo mtanisamehe, ya kwenu ni mepesi, mtoto wa miaka sita unampa kusoma na kuhesabu na mambo yanaenda. Hofu iko kwa hawa wakubwa, na kila nikikaa na mama au baba wa mtoto wa hai skuli hofu inakuja kwa maneno yale yale, "dada, mimi niliishia darasa la saba, huyu mtoto anasoma aljebra, nitamfundisha nini mimi?"

Hutamfundisha aljebra. Hakuna anayekusubiri wewe ufundishe aljebra. Mtoto mkubwa anafundishwa na kitabu, na video, na mwalimu wa koleji, na yule mjomba wa kanisani au msikitini aliyesoma uhandisi, na sehemu kubwa anajifundisha mwenyewe akisimamiwa. Kazi yako wewe ni ile ya mkuu wa shule. Hebu kumbukeni wakuu wa shule wa kule nyumbani, wangapi mliwahi kuwaona wameshika chaki wanafundisha kemia? Alikuwa anajua nani hajafika, nani hajamaliza kazi, makaratasi yako kabati gani, na mwalimu wa fizikia akikosekana anatafutwa wapi. Hiyo kazi mtu wa darasa la saba anaiweza, na nimewaona wanaoiweza vizuri kuliko wenye digrii, sababu mwenye digrii anataka kukaa ubavuni mwa mtoto amwelekeze kila mstari mpaka mwisho wa wiki hawaongei.

Kwa hiyo kama kinachokuzuia ni elimu yako, weka hilo pembeni. Vipo vitu vingine vya kuogopa kweli, na wazazi wengi wanavipita bila kuviangalia.

Ila kwanza sheria, maana najua humu ndani kuna mtu ameshaambiwa na jirani kwamba atafungwa.

Texas mtoto anatakiwa awe anasoma kuanzia miaka 6 mpaka afikishe 19. Sheria inakubali asome shule ya binafsi, na shule ya nyumbani hapa inahesabiwa kuwa shule ya binafsi. Hilo halikuja bure jamani. Mwanzoni mwa miaka ya 80 idara ya elimu ya jimbo ilisema nyumbani sio shule, wazazi wakaanza kushtakiwa kwamba watoto wao ni watoro, mwaka 1985 wazazi wakajikusanya wakafungua kesi moja kwa pamoja, inaitwa Leeper dhidi ya distrikti ya shule ya Arlington, ndio Arlington hii hii mnayopita kwenda Dallas. Walishinda hapa hapa kaunti ya Tarrant mwaka 1987, serikali ikakata rufaa, na mwaka 1994 mahakama ya juu kabisa ya Texas ikawapa wazazi haki yao. Kwa hiyo mtu akikwambia unafanya kitu cha kujificha, mwambie hili lilishaamuliwa siku nyingi.

Masharti yenyewe ni machache. Mafunzo yawe ya kweli, isiwe ni jina tu. Kuwe na kitu cha kusomea kinachoonekana, vitabu, madaftari ya mazoezi, au masomo ya kwenye kompyuta. Na masomo yawemo haya matano, kusoma, tahajia, sarufi, hesabu na uraia mwema. Basi. Hakuna wa kukudai cheti cha ualimu, hakuna mtihani wa serikali kila mwaka, hakuna idadi ya masaa. Sayansi na historia hazimo kwenye yale matano lakini usije ukaziacha, mtoto mkubwa akitaka koleji wataziulizia.

Sasa kosa linalowaponza watu liko kwenye kutoka. Mzazi anaamua Jumapili usiku, Jumatatu mtoto haendi, na shule haijui kitu. Kule shuleni anaandikwa hayupo, hayupo, hayupo, na akifikisha siku 10 bila sababu inayokubalika ndani ya miezi 6 anaweza kupelekwa mahakama ya watoro, na mzazi naye akapigwa faini. Andika barua kabla. Barua fupi tu, jina la mtoto, kwamba unamtoa ili asome nyumbani, tarehe mnayoanza, kwamba mtafuata yale masomo matano, unasaini unaweka tarehe. Itume kwa imeili au kwa posta ile ya rejesta ambayo anayepokea anasaini na wewe unarudishiwa uthibitisho, nakala unaitunza. Karani anaweza kukwambia njoo ofisini, leta vitabu tuvione, jaza fomu hii na hii. Idara ya elimu ya jimbo yenyewe inasema barua ya mzazi yenye saini na tarehe inatosha. Jibu kwa upole, kwa maandishi, usigombane na karani, hela ya wakili huna.

Na kama una ndugu jimbo lingine usimpelekee maneno yangu kama yalivyo. Pennsylvania wanataka hati ya kiapo na jalada la kazi za mtoto linalokaguliwa kila mwaka, na mzazi anayesimamia awe na diploma ya hai skuli au inayolingana nayo. Minnesota unaripoti kwa mkuu wa distrikti na mtoto anapimwa kila mwaka. New York makaratasi ni mengi zaidi, unapeleka mpango na ripoti kila robo ya mwaka. Ukihama Texas, sheria ya Texas unaiacha Texas.

Haya, turudi kwenye vitu vya kuogopa.

Cha kwanza, nani yuko nyumbani mchana? Naongea na watu wa weahausi, na kina mama wa nyumba za wazee, na wale wanaopigiwa simu na ndugu waliopo kwenye viwanda vya nyama Amarillo. Kama baba analala mchana na mama yuko kazini, kijana wa miaka 15 atakuwa peke yake na simu, na hapo shule haipo, ipo simu. Lakini pia msikate tamaa haraka, kwasababu sheria haijakuambia masomo yawe saa mbili asubuhi. Kuna familia wanasoma kuanzia saa kumi jioni mpaka saa mbili usiku, na Jumamosi asubuhi, na mchana kijana anafanya yale anayoyaweza mwenyewe. Mtoto mkubwa akikaa chini kweli kweli, masaa matatu manne kwa siku yanatosha, maana ile siku ya shule ya masaa saba kuna foleni, kuhama madarasa, kusubiri wenzako wanyamaze. Cha muhimu awepo mtu mzima ambaye kila siku, hata kama ni saa tano usiku, anasema leta nione ulichofanya leo. Kama huyo mtu hayupo, mimi nakushauri usianze.

Cha pili naomba nikiseme wazi na msinikasirikie. Kuna nyumba ambazo binti anatolewa shule "asomee nyumbani" alafu ndo anakuwa yaya wa wadogo zake, anapika, anampeleka bibi hospitali kutafsiri, anajibu barua zote za baba, na kitabu hakifunguliwi. Mnawajua. Kusaidia nyumbani ni malezi, hakuna anayekataa, mimi mwenyewe nimelelewa hivo. Ila kama unamtoa ili upunguze gharama ya kulelewa mdogo wake, hiyo haiitwi shule, na ile sheria niliyoisema inataka mafunzo ya kweli. Kijana akifika miaka 19 hana kitu mkononi, atakuuliza, na hutakuwa na jibu.

Cha tatu chakula. Wengi hawakifikirii kabisa. Shuleni anakula asubuhi na mchana, kwa wengi wetu bure. Ukiwa na watoto watatu nyumbani hiyo ni milo sita kila siku inayohamia jikoni kwako. Pigeni hesabu kabla, hakuna aibu yoyote kwenye hesabu.

Alafu Kiingereza, na hapa nataka nikae kidogo kwasababu ndo penye uzito wetu sisi.

Kuna watoto waliofika hapa kutoka kambi za wakimbizi, kutoka Nyarugusu, kutoka Nakivale, kutoka Kakuma. Mtoto wa Nyarugusu mwingine amesoma mtaala wa Kongo, kwa Kifaransa, ndani ya Tanzania, nyumbani wanaongea Kibembe na Kiswahili, alafu anatua Dallas ana miaka 15 na anapangwa darasa la tisa. Kwanini la tisa? Kwasababu ana miaka 15. Wanaangalia umri. Sasa pengine alikosa shule miaka miwili mitatu njiani, hesabu za sehemu hajawahi kufundishwa sawa sawa, moja chini ya tatu kujumlisha moja chini ya nne inamshinda, na mbele yake kuna mwalimu anaongea aljebra kwa Kiingereza cha Texas. Anakaa nyuma. Hasumbui mtu. Anapita na D, anapita na C ya huruma, mzazi anaona amepanda darasa anashukuru Mungu, na mtoto mwenyewe anajua kwamba hajui.

Huyu ndiye mtoto ambaye nyumbani kunaweza kumuokoa, kwasababu nyumbani unaweza kurudi nyuma bila mtu kumcheka. Unaanza na sehemu. Kijana wa miaka 15 unamuanzishia darasa la nne kwenye Khan Academy, ile tovuti ya masomo, bure, hulipi kitu, na ukimwelezea kwa Kiswahili ile hesabu inaingia haraka sana kwasababu akili ilikuwepo siku zote, lugha ndo ilikuwa inamziba. Akiwa na bidii, madarasa mawili matatu ya hesabu kwa mwaka mmoja ni kitu kinachowezekana kwa mtoto mkubwa, maana yale mambo ya utotoni anayaelewa haraka kuliko mtoto wa miaka tisa.

Lakini huyo huyo, kama amefika juzi, na Kiingereza ni sifuri, na nyumbani hakuna anayekiongea, mimi ningemwacha shule kwanza. Shule yake inaweza kuwa na walimu wa Kiingereza kwa wageni, ina watoto wa kumcheka na wa kumfundisha maneno ya mtaani, na lugha inaingia kwa masikio. Ukimtoa, ile huduma unaiacha pale. Najua wapo wanaopinga hili, wanasema nyumbani anaweza kujifunza kwa video. Anaweza. Ila sijaona video inayokujibu ukiiambia umekosea kunielewa. Mpe mwaka au zaidi, jioni mrudishie hesabu kwa Kiswahili nyumbani, hiyo tayari ni nusu ya kusomesha nyumbani na hujavunja kitu.

Na mwenye mtoto aliye kwenye mpango wa mahitaji maalumu, yule mwenye yale makaratasi ya kikao cha kila mwaka, njoo tuongee pembeni kabla hujaandika barua yoyote. Zile huduma za wataalamu haziji nyumbani kama zilivyokuwa shuleni.

Sasa mtoto mwenyewe. Huyu wa miaka sita unamwambia kesho tunasoma nyumbani anaruka ruka. Wa miaka 14 ana marafiki, ana timu, ana mtu anayempenda ambaye wewe humjui. Ukimtoa kwa amri, utakuwa na mgomo baridi mezani kwako kila siku, na mgomo wa kijana hauvunjwi kwa fimbo, hapa ndo kabisa. Kaeni naye. Muulize shule inamuuma wapi na inampendeza wapi, alafu nyamaza usikie, hata kama atakachosema kinakugusa wewe. Akisema anachekwa jina na rangi yake, sawa. Akisema hamuelewi mwalimu wa hesabu, sawa. Akisema anataka tu kulala mpaka saa tano, nayo ni habari, angalau mmejua mnaanzia wapi. Mkubaliane muda, tuseme mpaka mwisho wa muhula, alafu mkae tena muangalie. Kijana akijua kuna mlango wa kurudi, anakaa vizuri zaidi.

Huo mlango wa kurudi ila muuelewe. Mtoto wa darasa la saba au la nane akirudi shule ya serikali, watampima wampange, hakuna shida kubwa. Kuanzia darasa la tisa kuna krediti, yaani kila somo analolimaliza linahesabiwa kuelekea kuhitimu. Shule ya serikali Texas inamhitimisha mtoto kwa krediti 22, na wengi wanaenda 26 kwa mkondo wanaochagua. Akisoma nyumbani mwaka mzima wa darasa la kumi alafu akataka kurudi, distrikti ina haki ya kumpima kabla haijakubali hizo krediti, na inaweza kuzikataa baadhi. Kwa hiyo mwenye mtoto wa darasa la nane huu ndio wakati wako wa kufikiri vizuri, na mwenye mtoto wa darasa la kumi na moja fikiri mara mbili, kwako wewe pengine kumalizia hapo alipo ndo nafuu.

Mkishaamua, wiki za mwanzo msianze na ratiba ya saa moja kamili sayansi saa mbili kamili historia. Naona wazazi wananunua bodi nyeupe, wanabandika kengele, mpaka sare wengine. Mtoto ametoka kwenye kitu kilichomchosha, mpe wiki tatu nne za kupumua, na kwenye hizo wiki mpelekeni maktaba, achague vitabu mwenyewe, hata kama ni vya magari, hata kama ni vya katuni za Kijapani. Kadi ya maktaba kwa wakazi ni bure. Wewe kazi yako hapo ni kumtazama, anasoma nini bila kuambiwa, anachoka saa ngapi, akili yake inaamka saa ngapi. Wengi wa umri huu wanaamka usiku, na wewe uliyezoea jogoo utaumia roho, ila utazoea.

Alafu anzeni na hesabu na kusoma tu. Vitu viwili. Hesabu kila siku, kusoma kila siku na kuandika ukurasa mmoja kuhusu alichosoma. Ukurasa wenyewe kama Kiingereza chako kinasumbua, mwambie akusimulie kwa Kiswahili alichoandika. Utashangaa, hujui hata neno moja la ile karatasi lakini ukimsikiliza dakika tano unajua kabisa kama amesoma au anakudanganya. Mtoto aliyesoma ana vitu vidogo vidogo vya kusema, asiyesoma anarudia jina la kitabu. Mwezi wa pili ongezeni sayansi, mwezi wa tatu historia na uraia. Na uraia kwa wengi wetu una faida ya pili, yale maswali mzazi anayosomea mtihani wa uraia wa Marekani mnaweza kuyasoma pamoja mezani, mtoto anamfundisha mama, mama anapata hati, na somo la tano la Texas limeguswa hapo hapo.

Vitabu msinunue kwanza, nawaomba, kuna watu wanatumia dola mia nane kwa furushi lenye rangi nzuri na mwezi wa kumi na mbili liko chini ya kitanda. Khan Academy ni bure. Chuo kikuu cha Rice, cha hapo Houston, wanatoa vitabu vya OpenStax, fizikia, baiolojia, takwimu, uchumi, bure kwenye mtandao, unapakua kwenye simu. Maktaba ina vya kuazima. Mnaotaka vya dini vipo pia, vya Kikristo vingi sana, na madrasa ya wikiendi kwa Waislamu inaweza kuingizwa kwenye ratiba kama somo la lugha ya Kiarabu, akiisoma kweli. Na serikali ya jimbo ilipitisha sheria Mei 2025, kuanzia mwaka wa masomo 2026-27 familia zinazosomeshea nyumbani zinaweza kuomba hadi dola 2,000 kwa mtoto kwa mwaka. Ni kuomba, ina masharti yake na fedha yake ina kikomo, kwa hiyo ikija shukuru ila usijenge mpango wako juu yake.

Makaratasi sasa. Nilisema wewe ni mkuu wa shule, na hapa ndo mshahara wako ulipo. Nunua faili moja nene. Kila mwezi weka humo kazi chache za mtoto kwa kila somo, orodha ya vitabu alivyosoma, na ukurasa mmoja unaosema mwezi huu tulifanya hiki na hiki, kwa Kiswahili hata, utatafsiri baadaye. Serikali ya Texas haikudai hilo faili. Koleji ndio itakudai. Mtoto akifika darasa la tisa unaanza kuandika transkripti, yaani karatasi moja tu yenye jina la somo, mwaka, maksi na krediti. Somo la mwaka mzima lenye masaa kama 120 mpaka 180 watu wanalihesabu krediti moja. Unatengeneza wewe, unasaini wewe. Na diploma ya kuhitimu unatoa wewe pia, ndio, wewe wa darasa la saba, na inakubalika kisheria, vyuo vya umma vya Texas haviruhusiwi kumbagua mtoto kwasababu tu alimalizia nyumbani. Ila kwa sababu hana namba ya darasani ya kuonyesha, mtihani wa SAT au ACT, ile ya kuombea koleji, kwake unabeba uzito, kwa hiyo uingie kwenye mpango mapema.

Kiswahili kiwekeni kwenye transkripti kama lugha ya pili, mbona watoto wa Kizungu wanapata krediti kwa Kihispania cha "habari yako, jina langu nani". Ila basi asome Kiswahili kweli, aandike insha, asome riwaya, sio kwa sababu anamsikia bibi kwenye simu.

Kuna njia moja ambayo mimi naipenda kuliko zote kwa watoto wa miaka 16, koleji za jamii. Tarrant County College na Dallas College wanapokea watoto waliopo hai skuli bado, hata wa nyumbani, wakishatimiza masharti ya kuingia, ikiwemo kipimo cha kusoma, kuandika na hesabu kwa somo linalokihitaji. Mtoto anasoma somo moja pale, anapata krediti ya hai skuli na ya koleji kwa mpigo. Kemia iliyokuwa inakunyima usingizi inafundishwa na profesa mwenye maabara. Na yule profesa akimpa B, hakuna koleji itakayosema mama ndiye aliyempa. Msaada wa fedha wa serikali ya Marekani baadaye ataomba kama wenzake, kwenye fomu ya FAFSA kuna sehemu ya waliosomea nyumbani.

Marafiki, maana najua swali linakuja. Mtu anasema atakuwa mpweke. Anaweza kuwa, nyumba zetu za apatimenti hizi ni upweke hata kwa watu wazima. Mpangie, usimwachie hewani. Mpira, kwaya, madrasa, kujitolea hospitali, vikundi vya familia za homeskuli ambazo Tarrant na Dallas ziko nyingi kweli. Michezo ya shule ya serikali inategemea distrikti yenu, tangu 2021 sheria imefungua mlango kwa watoto wa nyumbani kucheza huko, uliza distrikti inasemaje. Na leseni ya kuendesha, vijana hawa wakifika 15 ndo wanachouliza kuliko aljebra, Texas mzazi anaweza hata kumfundisha mwanae mwenyewe kuendesha kwa programu iliyoidhinishwa, na uthibitisho wa kusoma unaandika wewe.

Mzee mmoja hapa mbele ameuliza, mke wangu anataka, mimi sitaki, tufanyeje? Baba, usikubali bado. Naomba na mama usilazimishe. Nyumba ikiwa imegawanyika kijana atapita katikati ya ule ufa kila siku, akichoka na mama anaenda kwa baba, na baba anasema si niliwaambia. Anzeni na likizo ya kiangazi, Juni mpaka mwanzo wa Agosti, mtoto bado ameandikishwa shule, hakuna barua, hakuna mtu wa kumjibu. Hesabu kila siku, kitabu kimoja kwa wiki, baba ndiye anayekagua ile saa tano usiku akitoka kazini. Nasema baba makusudi, anayepinga ndo akague. Ikifika Agosti wote wawili mnajua kitu ambacho mimi siwezi kuwaambia hapa.

Mama pale nyuma anauliza je kama shule ikikataa kupokea barua. Tuma kwa imeili na kwa posta siku hiyo hiyo, tunza uthibitisho wa vyote viwili, na wakikupigia waambie utajibu kwa maandishi.

Nakala za hiyo barua ya mfano ninazo hapa mezani, za Kiingereza na maelezo kwa Kiswahili, chukueni. Wenye watoto wa darasa la kumi na la kumi na moja msiondoke kwanza, ninyi tuangalie krediti za mmoja mmoja, na kama una simu yenye ripoti ya mwisho ya shule ifungue kabisa tuanze na wewe.